Protais Ndayiragije, Mwandishi wa Wafu wa Kasenga

Ndugu, jirani, wakristu wa paruasi, parokia yetu, wafanyakazi wa biro za karitiye, ofisi hizi za mtaa, na ninyi mliotoka mbali, Nyakabere, Bijombo na ng'ambo ya mpaka Bujumbura, familia inawasalimu katika uchungu wake leo Ijumaa tarehe 22 Machi 2024, na imemtuma Révérien, mdogo wa marehemu wa tumbo moja, awasomee maisha ya kaka yake kwa kufuata karatasi ambazo marehemu alizipanga mwenyewe kitandani, akisahihisha tarehe kwa kalamu nyekundu na kuagiza kwamba lisipunguzwe neno, hata pale ambapo familia ingependa kunyamaza.

Papa Protais Ndayiragije alizaliwa Nyakabere, katika bonde la Ruzizi, tarehe 11 Juni 1962, mtoto wa tatu kati ya saba wa mzee Nzohabonimana, mkulima wa mpunga na mihogo, na mama Ntirampeba, ambao wote wawili wametangulia, akabatizwa mwezi wa nane mwaka huohuo. Alisoma shule ya msingi Nyakabere kuanzia 1969 hadi 1975, kisha akaja Uvira kwa sekondari, akikaa kwa shangazi yake hapa Kasenga, akapata diploma ya Serikali katika ualimu mwaka 1982, na wachache waliosoma naye na ambao wako hapa leo wanakumbuka kwamba hakuwa wa kwanza darasani wala wa mwisho, ila mwandiko wake ulikuwa mzuri kiasi kwamba walimu walimpa kazi ya kuandika majina ya wenzake kwenye vyeti vyao.

Ni mwandiko huo uliompatia kazi, kwani tarehe 4 Machi 1985 aliajiriwa kuwa karani katika biro ya karitiye, na mwaka 1989 akakabidhiwa buku la vifo la etasivili, uandikishaji wa raia, akakaa nalo miaka thelathini na mitatu, hadi alipostaafu tarehe 30 Desemba 2022. Waliofika mbele yake na msiba wanajua kwamba hakumwandika mtu huku mwenye kuleta habari amesimama, alivuta kiti kwanza, akangoja machozi yaishe, ndipo akafungua kalamu, na wakubwa wake walipolalamika kwamba anachelewesha watu, alijibu kwamba wale anaowaandika hawana haraka.

Tarehe 21 Julai 1990 alifunga ndoa takatifu na Mama Anne Namwira, binti wa familia ya Bijombo, mshonaji wa nguo, mwanamke mrefu mwenye sauti ndogo, ambaye ni yeye peke yake aliyethubutu kumcheka mumewe kwa kazi ile, akimwita mbele ya wageni, "Shefu ya wafu, kuya kula, chakula inapoa," naye Papa Protais akiinuka bila kukasirika.

Mungu aliwajalia watoto wanne. Wengi wenu mnawafahamu watatu, Chadrack wa mwaka 1991, Laure wa 1993 na Donatien wa 1999, lakini marehemu ameandika wanne, akapiga mstari chini yake, nasi tunasoma wanne. Mtoto wa tatu alizaliwa Jumapili tarehe 27 Oktoba 1996, wakati vita vilipoingia mjini na watu wakikimbia ovyo, wengine wakifuata ziwa na wengine wakipanda milima, na Papa Protais na mkewe walikuwa wameshika njia ya Bijombo kwenda kwa wakwe, ambako Chadrack na Laure walikuwa wametangulizwa, uchungu ukamshika Mama Anne njiani, alfajiri, katikati ya majani marefu, akasaidiwa na mkimbizi mwenzao, bibi mzee aliyeitwa Nkeshimana. Alikuwa mtoto wa kike, alilia mara moja, akanyonya kidogo, akaishi mpaka jua lilipoanza kushuka, Mama Anne akampa jina Keza, wakamzika kando ya njia kwa mikono yao, wakaendelea kupanda. Jina hilo walilijua watu watatu tu, na bibi Nkeshimana alifariki mwaka 2009. Papa Protais, ambaye alikuwa ameandika vifo vya watoto wa wenzake kwa mamia, hakumwandika wa kwake katika buku lolote, Mama Anne hakumwuliza sababu, na jina halikutajwa tena ndani ya nyumba, hata watoto wao walilijua wakiwa watu wazima, kwa njia tutakayoisema.

Mwaka 2021 chanjo ya korona ilipofika Uvira, maneno mengi yalifika pamoja nayo, kwamba inaua baada ya miaka miwili, kwamba inakausha uzazi, kwamba wazungu wanapunguza watu, na muuguzi Michée, aliyesimamia chanjo kwenye kituo cha afya, akamwomba Papa Protais achanjwe mbele ya watu kwa kuwa anaheshimiwa, naye akakubali, akachanjwa mwezi wa sita, akarudi biro siku hiyohiyo. Mama Anne hakutaka. Alikuwa na presha tangu 2012, na alimwambia mumewe kwamba mwili wake umechoka na vitu vya kuingizwa, lakini Papa Protais alimsihi kwa upole miezi mitatu, na Jumatatu tarehe 6 Septemba akampakia kwenye pikipiki ya kukodi, akampeleka mwenyewe, akamshika mkono wakati wa sindano. Jumatano tarehe 15 Septemba, saa nne asubuhi, Mama Anne alianguka kando ya cherehani yake, kitambaa kikiwa bado chini ya sindano ya mashine, akafariki lopitali kabla ya saa sita, akiwa na miaka hamsini na minne. Papa Protais alimwuliza munganga, daktari wa lopitali, swali moja, kama ni ile chanjo, na munganga, ambaye marehemu alimheshimu mpaka mwisho kwa jibu lile, akasema: "Papa, presha yake ilikuwa juu sana miaka yote hii, na hiyo peke yake inatosha kupasua mshipa wa kichwa. Lakini ukitaka niape, siwezi kuapa." Alirudi biro kesho yake, akamwandika mke wake kwa mkono wake.

Katika majuma yale, kijana Franck, mtangazaji wa redio moja hapa mjini, alipata hesabu za biro na kuzisoma hewani asubuhi na jioni, kwamba toka Januari mpaka Septemba 2019 wafu walioandikwa hapa walikuwa sabini na wanane, na kwa miezi ileile ya 2021 walikuwa mia mbili arobaini na watatu, akauliza ni nini kingine kilichoingia katika mji kati ya miaka hiyo miwili kama si sindano, na wauguzi walipomwita mwongo alijibu: "Hii hesabu si ya minye, iko ya Leta, na mwandiko uko ya Papa Protais." Hilo lilikuwa kweli, zilikuwa za Serikali na mwandiko ulikuwa wake. Halafu, Jumanne tarehe 12 Oktoba, orodha yenye majina sitini na moja, ya watu wa Kasenga na bonde waliosemwa kuuawa na chanjo, ikatoka redioni na kuingia katika simu zote.

Noella, msichana aliyekuwa akijifunza kazi kwake, alikuwa akiisoma kwa sauti pale biro mchana ule, akafika namba arobaini, akageuza simu ili mwalimu wake aone mwenyewe, na pale palikuwa pameandikwa Ndayiragije Protais, miaka hamsini na tisa, na chini yake, namba arobaini na moja, nyumba hiyohiyo, Ndayiragije Keza, miaka ishirini na minne. "Papa, weye uko humu," alisema Noella, "na huyu Keza ni nani?" Papa Protais alisimama akatoka, akaacha kalamu wazi juu ya buku, jambo ambalo halijawahi kutokea tangu aanze kazi, akatembea mpaka ufukweni akikokotoa miaka kwa vidole, kwa sababu mtoto yule, kama angeishi, angekuwa na miaka ishirini na minne, zikibaki siku chache atimize ishirini na mitano. Jina la Mama Anne, aliyekufa kweli, halikuwamo.

Siku zilizofuata ameziandika kwa ufupi, lakini sisi wa familia tulizishuhudia. Watu waliopiga simu kutoa pole, wakisikia sauti yake, walikata. Sokoni alishika samaki, mama mwuzaji akamnyang'anya kwa mikono miwili akisema, "Papa, usishike tena, banasema uko mufu, nani atanunua kwangu sasa?" Dada yetu mkubwa alitoka Nyakabere na mkeka, maharage na wanawake sita wa kumsaidia kulia, wakaingia uani wakipiga yowe, wakamkuta kaka yao anakula, wakakaa kwenye ukuta bila kumkaribia mpaka alipomaliza sahani, na hata hapo dada yetu alimshika kwanza kidole kimoja. Jumapili iliyofuata kanisani nia za misa zilisomwa, na kati yake kulikuwa na moja ya kumwombea marehemu Protais Ndayiragije, yeye akiwa kwenye benchi la tatu, na aliitika Amina pamoja na wengine kwa kuwa hakujua afanye nini kingine. Alimwambia Laure baadaye kwamba toka siku ile alizoea kujigusa mkono, hapa penye mshipa, kila alipovuka mlango.

Ndipo alipoamua kuwatafuta wote sitini na mmoja. Kila jioni baada ya kazi, na Jumamosi kutwa, alitembea na orodha ndani ya bahasha, Kasenga yote, kisha Kavimvira, kisha vijiji vya bonde mpaka Nyakabere, akigonga mlango na kuomba kumwona mtu aliyeandikwa. Wengine walifungua wenyewe. Mama mmoja mwuza mihogo, namba kumi na tisa, alimtazama sana akamtambua, akamwuliza, "Papa, kumbe minye na weye tulikufaka siku moja?" wakacheka wote wawili, halafu kicheko kikaisha ghafla, wakaagana bila kupeana mikono. Mahali pengine alionyeshwa kaburi lenye tarehe ya kabla ya sindano ya kwanza kufika Uvira, mahali pengine aliambiwa marehemu alikataa chanjo mpaka siku ya mwisho. Na kulikuwa na majina tisa ambayo hayakuwa na mtu, alifika kwenye avenue na namba iliyotajwa akakuta hakuna aliyewahi kuishi hapo kwa jina hilo, na kwa jina moja alikuta kiwanja kitupu, nyumba ilichukuliwa na mafuriko ya Aprili 2020, lakini kiwanja kilikuwa kimefagiwa, alama za ufagio bado mpya mchangani, na jirani wote wanne aliowauliza walisema hakuna anayefagia pale.

Kuhusu hesabu za buku hakuwa na haja ya kutembea, maana sababu aliijua yeye kuliko wote, kwamba kabla ya mafuriko familia nyingi zilizika bila kupita biro, na baada ya mafuriko waliopoteza watu waliombwa cheti cha kifo ili wapate msaada, mji mzima ukajifunza kuandikisha, kwa hiyo buku lilihesabu waliokuja kwake, halikuhesabu waliokufa. Lakini hakutaka kuaminiwa kwa neno lake tu. Alikwenda kwa mapadri, wachungaji na wachimba makaburi, akahesabu nao makaburi yenyewe, mstari kwa mstari, akapata mia mbili thelathini na moja kwa miezi tisa ya 2019, na mia mbili hamsini na nne kwa miezi tisa ya 2021. Wafu hawakuwa wameongezeka mara tatu. Walikuwa wameongezeka ishirini na watatu, na ishirini na watatu hao hakuwaficha wala hakuwapuuza, aliandika kwamba korona ilipita, kipindupindu kilipita baada ya maji, na kwamba wapo ambao sababu yao haijulikani.

Mwisho alikwenda kwa Franck. Hakwenda kugombana. Alikaa, akamwomba daftari ambamo majina yaliandikwa, na Franck, aliyekuwa ameogopa kumwona, alilitoa bila ubishi na kueleza kwamba Jumapili tarehe 3 Oktoba aliweka meza mbele ya redio, watu wakapanga mstari baada ya misa wakitaja wafu wao, naye akaandika alivyoambiwa. Jina la Protais lililetwa na mtu aliyesema tu kwamba kuna msiba wa chanjo nyumbani kwa Ndayiragije, na Franck akaandika jina la mwenye nyumba. Kuhusu namba arobaini na moja alikumbuka hivi: "Nilikuwa naandika tu, sikuinua kichwa. Sauti ya mama mumoja ilisema, andika na wa kwangu. Akatoa jina, akatoa miaka, akatoa avenue. Niliinua macho kumwuliza alichanjwa siku gani, nikakuta muntu mwingine mbele yangu." Papa Protais alimwuliza sauti ilikuwa ya namna gani. Franck akasema, "Ndogo." Mama Anne alikuwa kaburini siku kumi na saba. Marehemu aliandika hayo kama alivyoyasikia, hakuongeza maelezo, na sisi pia hatuongezi.

Jumamosi tarehe 11 Desemba 2021, katika sala ya paruasi, ukumbi wa mikutano, kulifanyika mkutano wa wazi kati ya watu wa redio na watu wa afya, ambapo Papa Protais aliombwa kusoma aliyoyapata, na Michée na Franck wote wawili walikuwa wamemjia mapema. Michée alikuja akiwa na hofu ya kweli, maana wakati huo akina mama walikuwa wakificha hata watoto wachanga wasipate chanjo ya surua, na watoto wawili wa bonde walikuwa wamekwisha kuzikwa, akamwambia, "Papa, ukitaja Mama Anne, hakuna mama ataleta mutoto tena. Mwachie apumzike." Franck naye alikuja akamwambia aache kusoma majina mengine yote, asome la Mama Anne peke yake, kwa sababu ndilo lenye nguvu. Aliwajibu jibu moja, kwa nyakati mbili: "Minye ninaandika mwenye alikufa. Siandiki mwenye kunifaa."

Alisoma kwa saa nzima, amesimama. Kati ya sitini na mmoja, ishirini na watatu walikuwa hai, yeye akiwa mmoja wao, kumi na wanne walikufa kabla chanjo haijafika, kumi na mmoja walikufa baadaye lakini hawakuchanjwa, watatu walichanjwa kisha wakafa, mmoja kwa kuzama ziwani, mmoja kwa gari, mmoja kwa kifua kikuu cha siku nyingi, tisa hawajulikani na mtu yeyote, na mmoja, Keza, alifariki tarehe 27 Oktoba 1996 akiwa na umri wa siku moja, binti yake mwenyewe. Chadrack, Laure na Donatien walikuwa ndani ya sala, na hivyo ndivyo walivyojua. Halafu akageuza karatasi na kusema kwamba kuna wa sitini na mbili ambaye orodha ilimsahau: "Anne Namwira, bibi yangu. Alichanjwa tarehe sita mwezi wa tisa, alikufa tarehe kumi na tano. Munganga anasema presha. Inawezekana ni presha. Minye sijui. Ni minye nilimupeleka."

Upande mmoja ulimwita msaliti, upande mwingine ukasema ametumwa, na mama mzee mmoja aliinuka nyuma akauliza, bila mzaha, "Na weye mwenyewe, uko muzima ao uko mufu?" sala yote ikamtazama ikingoja jibu, naye akafikiri kidogo kabla ya kujibu kwamba yuko muzima. Familia ilimwona akijigusa mkono. Lakini Jumatatu iliyofuata Laure alimleta mwanawe wa miezi tisa kwenye chanjo ya surua, akamwomba baba yake ndiye ampakate, na Papa Protais alimpakata mjukuu wake kifuani, Michée akamshikilia mtoto mguu, na nje ya mlango walikuwa wamesimama akina mama wanne na watoto mgongoni, wakiangalia. Mmoja wao alieleza baadaye kwamba amekuja kwa sababu mtu aliyesema sijui juu ya kifo cha mke wake hawezi kumdanganya kuhusu mtoto wake. Mjukuu yuko hapa, ana miaka mitatu.

Baada ya mkutano ule jambo lilianza ambalo hakulitarajia. Watu walianza kuja nyumbani kwake, saa sita mchana wakati barabara ni tupu, wakileta majina ya wafu wao ambao hawakuandikwa popote, wa mafuriko, wa vita, wa njiani, waliozikwa kwa haraka au wasiozikwa kabisa, na kwa vile buku la Serikali halipokei wafu wa zamani bila amri ya tribinali, mahakama, alifungua buku la pili, akamwandika Keza wa kwanza, kisha akawaandika wote, kila mmoja na tarehe mbili, siku aliyokufa na siku aliyoandikwa. Karani mmoja wa mjini aliyekusanya hesabu alijumlisha buku zote mbili kwa tarehe ya kuandikwa, na kwenye karatasi za Serikali mwaka 2022 ukaonekana kuwa mwaka ambao Kasenga ilikufa kuliko miaka yote. Mtaalamu alitumwa kutoka Bukavu, akashuka garini akiwa amefunga mdomo na pua, akitazama watoto wanaocheza barabarani, akamwuliza Papa Protais, "Watu elfu moja na mia moja kwa mwaka mumoja, ni nini iliwakufisha hapa?" Papa Protais alimfungulia ukurasa wa kwanza, akamwonyesha safu ya tarehe ya kwanza, wakasoma pamoja mpaka jioni, na mtaalamu yule, kabla ya kupanda gari, alivua kitambaa chake akaomba kuongeza jina la shangazi yake.

Tunafika kwenye ugonjwa, na hapa marehemu ameagiza tusome polepole. Alikuwa na ugonjwa wa sukari uliopimwa na kuandikwa mwezi wa tano 2015, miaka sita kabla ya chanjo, sukari ikaharibu figo, figo zikaanza kushindwa mwaka 2023, akatibiwa Bujumbura mwezi wa kumi na moja, akarudi Januari mwaka huu, akalazwa hapa Uvira tarehe 26 Februari. Karatasi za lopitali ziko mikononi mwa Chadrack, na yeyote anayetaka kuziona ataonyeshwa, maana tangu juzi tumekwisha kupokea katika simu zetu sababu nyingine nne za kifo chake.

Majuma yake mawili ya mwisho yalikuwa hivi. Asubuhi alikuwa na akili timamu, akipanga karatasi hizi. Lakini kila saa sita mchana aligeukia upande wa ukuta, akasogeza miguu kama anayempa mtu nafasi ya kukaa kitandani, akaanza kuuliza kwa sauti ya kazini, "Jina? Tarehe? Nani anashuhudia?" akinyamaza baada ya kila swali muda wa kutosha kujibiwa, kisha akageuka na kumwambia Noella, aliyekuja kila siku baada ya biro kufunga kwa mapumziko, "Andika." Siku za kwanza Noella aliandika ili asimkere mgonjwa. Siku ya tatu alimwomba apumzike, akajibiwa, "Wako wengi mu koridori." Koridori ilikuwa tupu, alitoka akaangalia. Papa Protais alifariki Jumanne tarehe 19 Machi 2024, saa nane na dakika ishirini mchana, akiwa na miaka sitini na mmoja, mikononi mwa Laure, akiacha watoto watatu, wajukuu watano, na majina kumi na tisa katika mwandiko wa Noella.

Familia inawashukuru waganga na wauguzi wa Uvira na wa Bujumbura waliomtibu bila kuchoka, na kwa namna ya pekee muuguzi Michée, aliyekuja kumwosha mgonjwa hata siku ambazo hakuwa kazini, inashukuru wafanyakazi wa biro ya karitiye waliotengeneza jeneza, jirani walioleta maji, kuni, viti na shitingi za kivuli, wanakwaya, padri wetu, ndugu wa Nyakabere na Bijombo waliotembea kwa miguu pale barabara ilipokatika, na inamshukuru Franck, ambaye yuko hapa, na ambaye jana asubuhi alisoma tangazo la msiba huu hewani baada ya kuja kwanza nyumbani kuona maiti kwa macho yake.

Linabaki ombi moja, ambalo si la marehemu, ni letu. Toka Jumanne Noella na Chadrack wameuliza habari za majina yale kumi na tisa, ambayo hakuna mtu wa familia aliyewahi kuyasikia, na mpaka leo asubuhi matatu yamepata wenyewe, watu wa kweli, waliokufa kweli, siku ileile iliyoandikwa, na ndugu zao wamekaa hapa mbele yetu. Kumi na sita hayajapata. Tunasoma machache. Bigirimana, mvuvi wa ndagala, alizama, anashuhudia mkewe. Nabintu, mtoto wa siku mbili, njia ya Bijombo, anashuhudia mama yake. Ntakirutimana, mwuza makaa, ana watoto wawili wanaoishi Kasenga na hawajui yuko wapi. Kashindi, mwanafunzi, mwaka wa mafuriko, anashuhudia mwenyewe. Noella yuko pale mezani, kulia kwenu, na kumi na wawili wengine anao. Anayemfahamu mmoja wao asiende nyumbani kabla ya kumwona.

Kaka Protais, Mungu akupokee, ulale salama.